Injini Inayokula Oili: Tupime Kabla ya Kufungua

(Hotuba iliyotolewa Morogoro mbele ya mafundi wa gereji, wanagenzi na wenye magari. Imewekwa hapa yote kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika. Picha zilizoonyeshwa ukutani zimeachwa.)

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu wa kazi, mafundi wenzangu, wanagenzi, na ninyi wenye magari mliokubali kukaa chumba kimoja na watu mnaowalipa kwa manung'uniko: asalaam aleikum, Bwana asifiwe, na karibuni sana.

Nimeombwa nizungumzie injini za petroli zenye umri mkubwa ambazo zimeanza kula oili. Mifano yangu mingi itatoka kwenye injini za Toyota za silinda nne, zile tunazozikuta kwenye Corolla, Spacio, IST, Allion, Premio na RAV4. Sizichagui kwa kuwa ni mbaya kuliko nyingine. Nazichagua kwa kuwa ndizo zinazoingia kwenye gereji zetu asubuhi hadi jioni. Wenye dizeli za tabo wanivumilie, maana tabo ina njia zake za kupitisha oili na inastahili siku yake.

Nina jambo moja tu la kusema. Injini nyingi tunazozifungua kwa sababu ya oili hatukuzipima kabla ya kuzifungua, na fundi asiyepima anabahatisha kwa fedha za mtu mwingine. Mwenye gari anasema, "Fundi, gari linakula oili." Fundi anapiga resi mara mbili, anatazama bomba la moshi, anatikisa kichwa, anasema, "Hii ni ovahoo," yaani injini yote ifunguliwe na kutengenezwa upya. Je, umepima? Umepima nini? Umepima kwa kifaa gani?

Hebu tuanze na swali ambalo mwanagenzi yeyote anaweza kulijibu. Oili ikitoka ndani ya injini, inapita wapi? Inaweza kuvuja ikaenda nje. Inaweza kushuka kutoka juu, kwenye silinda hedi, ikapita kwenye sili za vali na kuingia mahali pa kuungulia. Inaweza kuvutwa pamoja na hewa chafu ya injini kupitia vali ndogo ya kutolea mvuke, iitwayo PCV, ikarudi kwenye manifoldi ya hewa. Na inaweza kupanda kutoka chini, ikazipita ringi za pistoni. Dosari hizi zina gharama zinazotofautiana sana, kuanzia kifaa kidogo ambacho mwenye gari anakinunua bila kumwomba mtu mkopo, hadi kushusha injini nzima. Sasa wewe fundi unayetaja ovahoo kabla ya kujua oili imepita wapi, ulijuaje?

Kipimo cha kwanza hakihitaji hata spana. Gari lisimame mahali tambarare, injini iwe imelala usiku kucha, oili ijazwe hadi alama ya juu ya dipstiki, kisha kilomita za kwenye dashibodi ziandikwe kwenye karatasi. Gari liendeshwe kama kawaida hadi kilomita 1,000. Siku hiyo lisimame mahali palepale, asubuhi, injini ikiwa ya baridi, na oili irudishwe kwenye alama ileile kwa kopo lenye vipimo vya mililita. Kiasi kilichoingia ndicho kilichopotea. Mwenye gari aliyefanya hivyo haji kwako na neno "nyingi". Anakuja na tarakimu. Gari linalopoteza mililita 300 kwa kilomita 1,000 na lile linalopoteza lita nzima hayana ugonjwa ulio sawa, wala hayastahili bili iliyo sawa.

Kuna mama mmoja, mwuguzi, aliyekuja na Spacio yake akiwa amekwisha kuambiwa kwingine kwamba atafute nusu injini, yaani injini ya mtumba ya kubadilisha. Alikuwa ameanza kuweka fedha kidogo kidogo. Gari halikuacha tone pale lilipolala, na kwa sababu hiyo kila mtu aliamini kwamba oili inaungua ndani. Tuliiosha injini yote kwa sabuni, tukaikausha kwa upepo wa kompresa, tukamwomba aende Chalinze na kurudi. Aliporudi tuliliinua gari tukaingia chini na tochi. Oili ilikuwa ikitoka kwenye swichi ya presha ya oili, kile kifaa kidogo kilichofungwa kwenye bloku, na ilitoka tu wakati injini inazunguka na presha ipo. Upepo wa njiani uliisambaza chini ya gari lote, ikashika vumbi, ikaonekana kama uchafu wa kawaida. Gari likizimwa, presha inaisha na kuvuja kunakoma. Ndiyo maana boksi lililotandikwa chini usiku lilikuwa kavu asubuhi.

Kwa hiyo, mafundi wenzangu, boksi kavu halithibitishi kwamba injini haivuji. Ioshe injini kwanza, ndipo uangalie: gasketi ya vali kava, sili za mashimo ya plagi, kava la cheni ya taimingi, sili za mbele na nyuma za krenkishafti, na mahali filta ya oili inapokaa. Ukichomoa koili na kukuta plagi imeogelea kwenye oili upande wa juu, hiyo oili imetoka kwenye vali kava. Haijatoka ndani ya silinda, na haina uhusiano wowote na ringi. Nimeona injini ikihukumiwa kwa kosa hilo, na nawaomba wanagenzi walishike: oili iliyo juu ya plagi na oili iliyo kwenye ncha ya plagi ni kesi mbili tofauti.

Sasa tuje kwenye moshi, kwa kuwa hapo ndipo wengi wetu hujiona wataalamu. Moshi wa bluu ni oili. Mweusi ni petroli iliyozidi. Mweupe mzito usiokoma hata injini ikipata moto ni maji ya rejeta. Hayo mnayajua. Swali ambalo hatulizi vya kutosha ni hili: moshi unatoka lini?

Dereva mmoja wa Noah, mtu wa safari za Iringa, alilalamika kwamba gari lake linamwaibisha Ruaha Mbuyuni. Si Iringa, si Mikumi, ni Ruaha Mbuyuni. Wasaidizi gereji walimcheka. Lakini fikirini: akitoka Iringa anateremka mlima mkali wa Kitonga, na dereva mwenye akili hateremki Kitonga kwa breki peke yake. Anaweka gia ya nguvu na kuondoa mguu kwenye mafuta. Wakati huo mlango wa hewa umefungwa na injini inazungushwa na magurudumu, kwa hiyo mvuto wa hewa ndani ya manifoldi unakuwa mkubwa kupita kiasi. Mvuto huo unavuta oili iliyo juu ya silinda hedi kupitia kwenye shina la vali. Kama sili za vali ni nzima na laini, zinaizuia. Kama zimekuwa ngumu kwa miaka ya joto, oili inateremka taratibu na kujikusanya, dereva anafika chini tambarare, anakanyaga mafuta, na wingu la bluu linawafunika walio nyuma. Baada ya hapo gari linakwenda safi hadi mwisho wa safari. Yule dereva alitueleza ugonjwa kwa usahihi kuliko kifaa chochote tulichokuwa nacho. Ilibaki sisi kumsikiliza.

Dalili nyingine ya sili za vali ni ule moshi wa asubuhi, gari linapowashwa baada ya kulala, unaotoka kidogo kisha unakoma. Nyingine ni hii: iache injini ya moto kwenye sailensa, yaani ikinguruma bila kukanyagwa mafuta, kwa dakika kama kumi, kisha piga resi moja. Ukitoka moshi wa bluu kisha ukapotea, tazama juu kabla hujatazama chini. Lakini gari likitoa moshi pia wakati linapanda Kitonga na mzigo, likitoa moshi muda wote injini inapofanya kazi nzito, hapo ringi ndizo za kushukiwa. Nasema "kushukiwa" kwa makusudi. Ringi za oili zilizoshikamana nazo hupitisha oili wakati wa mteremko, kwa hiyo dalili moja haitoshi kuhukumu. Moshi unakupa mahali pa kuanzia upimaji wako, basi.

Na kuna injini zinazokula oili bila moshi wowote unaoonekana. Hapa mwenye gari na fundi hugombana, huyu akisema oili inapungua, yule akisema hakuna moshi. Gari linalotumia lita 8 za petroli kwa kilomita 100 linatumia lita 80 kwa kilomita 1,000. Likila nusu lita ya oili katika safari hiyo, hiyo ni sehemu 1 kwa 160, imesambazwa kwenye mamilioni ya mipigo ya pistoni. Kisha inapita kwenye masega, kile kichujio cha moshi kilicho kwenye bomba la kutolea moshi, yaliyo ya moto sana, na masega yanamalizia kuunguza sehemu kubwa ya kilichobaki. Jicho halitaona kitu. Ndiyo maana gari likitolewa masega huanza ghafla "kuvuta sigara", na lawama humwangukia aliyeyatoa, ilhali ugonjwa ulikuwepo tangu zamani. Simtetei anayeyatoa masega na kuyauza. Ninachosema ni kwamba masega yalikuwa yanaficha, na kwa kuficha huko yalikuwa yanaumia, maana fosforasi na zinki zilizomo ndani ya oili huyaharibu polepole.

Kuhusu vali ya PCV nitasema kwa ufupi tu, kwa kuwa ni kazi ya dakika chache. Itoe, itikise, ipulize. Inapaswa kupitisha hewa upande mmoja na kuzuia mwingine. Ikiwa imeganda ikiwa wazi, inavuta mvuke wa oili kupita kiasi. Ikiwa imeziba, presha inajaa ndani ya injini na kuisukuma oili kwenye kila sili iliyo dhaifu, na fundi anabadilisha sili moja baada ya nyingine akishangaa kwa nini hazidumu. Fungua pia bomba la hewa linaloingia kwenye injini, upitishe kitambaa ndani. Kikitoka na oili nyingi, usiguse kitu kingine kabla hujaimaliza PCV.

Sasa tufike kwenye ringi, ambako nitakaa zaidi.

Tumefundishwa kwamba ringi zikifa, kompresheni, yaani mbano wa hewa ndani ya silinda, inashuka. Ni kweli, lakini si kweli yote, na sehemu inayokosekana imewapoteza mafundi wengi wazuri. Pistoni ina ringi tatu. Mbili za juu kazi yake kubwa ni kuzuia mlipuko usipite kwenda chini. Ya tatu, iliyojengwa kwa bamba mbili nyembamba na springi katikati, kazi yake ni kukwangua oili kutoka kwenye ukuta wa silinda na kuirudisha kwenye sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, kupitia matundu yaliyotobolewa nyuma yake kwenye pistoni. Geji ya kompresheni inakuambia habari za zile mbili za juu. Habari za ile ya tatu haizijui.

Kwa hiyo inawezekana, na hutokea sana, injini ikawa na kompresheni nzuri katika silinda zote nne na bado ikanywa oili. Mfano wake maarufu ni injini ya 1ZZ-FE, ile ya sentimita za ujazo 1,794 iliyoanza kufungwa kwenye Toyota mwishoni mwa miaka ya 1990. Pistoni zake za mwanzo zilikuwa na matundu machache na madogo ya kurudishia oili. Oili ikicheleweshwa kubadilishwa, joto linaigeuza kaboni, kaboni inaziba matundu, ringi ya oili inashikamana ndani ya mfereji wake, na kuanzia hapo hakuna kinachokwangua ukuta. Baadaye pistoni hizo zilibadilishwa muundo, matundu yakaongezwa. Injini kubwa ya 2AZ-FE, ya lita 2.4, nayo ilipata tatizo la aina hiyo kwenye magari ya takriban mwaka 2006 hadi 2009. Mwaka 2011 Toyota ya Marekani iliwapa mafundi wake mwongozo: gari lipimwe kwanza, na likionekana kupoteza zaidi ya kwati moja ya oili, yaani karibu lita moja, kwa maili 1,200, sawa na kama kilomita 1,900, ndipo lifunguliwe na kubadilishwa pistoni pamoja na ringi zake.

Naomba mzingatie mambo mawili hapo. La kwanza, hata wenye injini yao walianza kwa kupima. La pili, walibadilisha pistoni. Hawakuingiza ringi mpya kwenye pistoni zenye muundo uleule ulioleta shida. Sasa sisi tunafungua 1ZZ ya zamani, tunanunua ringi, tunazivalisha kwenye pistoni zilezile bila hata kuyazibua matundu yake, tunafunga, na mwaka haujaisha mteja amerudi. Tulitarajia nini?

Kijana mmoja mwenye Allion alizunguka gereji tatu. Mbili zilipima kompresheni zikamwambia injini yako nzima, nenda nyumbani. Ya tatu haikupima kitu, ikamwambia ovahoo. Ajabu ni kwamba ile isiyopima ndiyo iliyokuwa karibu na ukweli, lakini kubahatisha kukiangukia mahali sahihi hakugeuki kuwa ufundi. Tulizichomoa plagi, tukazipanga mezani kwa mpangilio wa silinda. Ya kwanza na ya nne zilikuwa na rangi ya kahawia nyepesi, kavu. Ya pili na ya tatu zilikuwa na ukoko mgumu wa kijivu upande mmoja, wa kukwanguliwa kwa ukucha, na uzi wake ulikuwa na unyevu wa oili. Mvuke wa PCV ungesambaa kwenye silinda zote. Sili za vali zingetoa moshi wa asubuhi, na hakuwa nao. Kompresheni ilikuwa nzuri na tofauti kati ya silinda haikuzidi kilopaskali 100, kiwango ambacho Toyota hukitumia kwa injini nyingi za namna hii. Yakabaki maelezo ya aina moja: ringi za oili za silinda ya pili na ya tatu zimeshikamana.

Mkitaka kupima kompresheni, pimeni ipasavyo. Injini iwe ya moto, betri iwe na nguvu, plagi zote nne ziwe nje, injekta na koili ziwe zimechomolewa soketi, na mtu akanyage mafuta hadi chini wakati wa kuzungusha. Andikeni namba nne. Kisha tieni kijiko kidogo cha oili kwenye silinda iliyo dhaifu na mpime tena. Ikipanda sana, zile ringi za juu zimechoka. Isipopanda, tazameni vali au gasketi ya silinda hedi. Na zote zikiwa nzuri huku oili inaisha, msiseme injini ni nzima. Rudini kwenye plagi.

Kwa ringi zilizoshikamana, kabla ya kushusha injini, ipo njia ya kujaribu ambayo gharama yake ni ndogo. Pistoni zote zisimamishwe katikati ya silinda, dawa ya kuyeyushia kaboni imiminwe kupitia mashimo ya plagi, ilale usiku kucha. Asubuhi injini izungushwe plagi zikiwa nje na kitambaa kikiwa juu ya mashimo, ili dawa yote iliyobaki irushwe nje. Nasisitiza: plagi zikiwa nje. Maji hayabanwi, na injini ikizungushwa huku silinda imejaa dawa, konrodi, ule mkono unaoishika pistoni kwa chini, inapinda. Baada ya hapo oili na filta zimwagwe mara moja, kwa kuwa dawa imeshuka kwenye sampo. Wakati mwingine njia hii inarudisha nusu ya afya, wakati mwingine hairudishi kitu. Mwambieni mteja hivyo kabla ya kuanza. Kwa yule wa Allion ilipunguza ulaji, haikuumaliza, naye alichagua kuendelea kuongeza oili hadi apate fedha za pistoni. Ulikuwa uamuzi wa busara.

Ndiyo, nasema wa busara. Kula oili peke yake si kifo cha injini. Kinachoua ni oili kushuka chini ya alama ya chini bila mwenye gari kujua, hadi siku ya kupanda mlima beringi za konrodi zinapokosa kitu cha kuelea juu yake na injini inaanza kugonga. Gari linalokula nusu lita kwa kilomita 1,000 litahitaji lita mbili na nusu za nyongeza hadi sevisi ya kilomita 5,000. Pigeni hesabu ya miaka miwili, mlinganishe na gharama ya kufungua, kisha mwenye gari aamue mwenyewe. Wenye magari, sehemu yenu ni moja: dipstiki ichomolewe kila Jumamosi. Ile taa nyekundu ya oili msiingoje, kwa sababu ile inasoma presha. Kiasi cha oili haikijui, na ikiwaka madhara yameshaanza.

Vipi kuhusu oili nzito? Najua swali hili lingekuja. Kutoka kwenye oili nyepesi kwenda kwenye nzito kidogo inayoruhusiwa na kitabu cha gari kwa nchi za joto kunaweza kupunguza ulaji kiasi. Kuruka hadi ile nzito kabisa na kuichanganya na dawa za chupa ili moshi upotee siku ya kuuza gari ni jambo jingine, nalo lina jina lake katika lugha yetu. VVT-i, ule mfumo wa Toyota wa kubadilisha wakati wa vali kufunguka, inafanya kazi kwa oili ipitayo kwenye njia nyembamba. Usiitie uji.

Tukiisha kupima na kukubaliana kwamba sili za vali ndizo zilizokufa, si lazima kung'oa silinda hedi. Kwa injini nyingi, kemshafti zikishatolewa na alama za taimingi zikiwekwa vizuri, vali zinaweza kushikiliwa juu kwa upepo wa kompresa unaoingizwa kwenye shimo la plagi, au kwa kamba laini iliyo safi inayoshindiliwa ndani ya silinda hadi pistoni ikiipandisha iziegemee vali, mkia wa kamba ukibaki nje. Zibeni kwa vitambaa matundu yote ya kurudishia oili, la sivyo vile vifungo vidogo vinavyoshika springi vitaanguka na mtashusha sampo mkitukanana. Sili za vali za kuingizia hewa na za kutolea moshi mara nyingi hutofautishwa kwa rangi, msizichanganye. Na kabla ya kuvalisha mpya, tikiseni shina la vali kwa vidole. Likicheza sana, mrija unaoliongoza umelika, na sili mpya haitadumu.

Ikiwa ni ringi, na tumekubaliana kufungua, basi tufungue kama watu wanaojua wanachotafuta. Silinda ipimwe kwa geji ya ndani: juu, katikati na chini, kisha kwa kukatiza. Ukuta huchakaa zaidi karibu na juu, na huchakaa kwa umbo la yai. Ringi ni ya duara. Ringi mpya kwenye silinda ya yai itaziba wapi? Silinda ikiwa ndani ya kiwango, ikwanguliwe iwe na mistari inayokatana kwa mshazari, maana ukuta unaong'aa kama kioo hauwezi kuikalisha ringi mpya. Ikiwa nje ya kiwango, ipelekwe kwenye karakana ya kuchonga bloku na ziagizwe pistoni za saizi kubwa, mkikumbuka kwamba bloku nyingi za aluminiamu zenye sleevu nyembamba hazivumilii kuchongwa.

Baada ya kukwangua, bloku ioshwe kwa maji ya moto na sabuni. Petroli peke yake haitoshi, kwa kuwa inasukuma unga wa jiwe la kukwangulia ndani ya mistari na kuuacha humo. Chukueni kitambaa cheupe, mkitie oili safi, mpanguse silinda. Kikitoka na kijivu, osheni tena. Ringi mpya zilizofungwa juu ya unga huo zinasagwa kabla mteja hajavuka Msamvu.

Kuna injini iliyoletwa kwetu ikiwa imefunguliwa na kufungwa kwingine, kila kitu kipya, risiti zote zipo, na ilitoa moshi tangu siku ya kwanza. Mwenye gari aliambiwa, "Itazoea." Akangoja miezi. Tulipoifungua, silinda zilikuwa zimekwanguliwa vizuri na pistoni zilikuwa nzuri, lakini ringi ya pili katika pistoni zote nne ilikuwa imevalishwa juu chini. Ringi ile ukingo wake umekatwa kwa mshazari ili ikwangue oili kwenda chini, na ikigeuzwa inakwangua kwenda juu. Ilikuwa ikipandisha oili kwa juhudi zote. Alama ndogo iliyochorwa karibu na mwanya wa ringi, herufi au kidoti, hutazama juu. Ni alama ya kuonwa kwa macho mawili na mwanga wa kutosha, si kazi ya saa kumi na mbili jioni wakati umeme umekatika. Pimeni pia mwanya wa kila ringi kwa kuisukuma ndani ya silinda yake kwa kichwa cha pistoni, ikae sawasawa, na kupitisha bamba za kupimia uwazi. Na wakati wa kufunga, mianya isipangwe kwenye mstari mmoja.

Injini ikishawaka, msiiache kwenye sailensa saa nzima eti inazoea. Ringi hukaa kwa presha ya mlipuko, na kwenye sailensa presha hiyo ni ndogo. Iendesheni barabarani kwa mwendo unaobadilikabadilika, bila mzigo mkubwa na bila kuikamua, kisha mmwage oili ya kwanza mapema, kilomita chache baada ya kuanza. Ulaji upimwe upya kwa kilomita 1,000 kwa njia ileile niliyoieleza. Fundi anayemkabidhi mteja gari bila kumwomba arudi na tarakimu hajui kama amelitengeneza.

La mwisho ni injini za mtumba, hizi tunazozifuata Gerezani, Dar es Salaam, au zinazokuja kwa kontena kutoka Japani na Dubai. Nusu injini mara nyingine ndiyo njia nafuu, sibishi. Lakini ikiwa unaitoa 1ZZ inayokula oili na kuweka 1ZZ nyingine ya umri uleule ambayo hukuipima, umebadilisha nini? Ikiwa bado iko sakafuni kwa muuzaji, nendeni na betri, waya nene na geji ya kompresheni, ikiwa injini ina stata yake. Fungueni kifuniko cha kujazia oili mtazame kwa tochi: chuma kilicho chini kikiwa na rangi ya asali, oili ilikuwa ikibadilishwa, kikiwa na tope jeusi, ondokeni. Chomoeni plagi zote nne mzipange kwa mpangilio. Pitisheni kitambaa kwenye bomba la hewa. Muuzaji akikataa msipime, msibishane naye. Jirani yake anauza injini hiyohiyo.

Nimeleta pistoni mbili za 1ZZ, moja ya muundo wa mwanzo na moja ya muundo wa baadaye, pamoja na seti ya ringi ambazo hazijafungwa, ili wanagenzi waitafute ile alama kwa macho yao wenyewe. Zipo mezani hapo mbele. Mwenyekiti, niko tayari kwa maswali, na ningependa waanze wenye magari.